Datsun ya Sentimita 17

Gari nililopeleka gereji siku ile lilikuwa na urefu wa sentimita 17. Nililibeba ndani ya mkebe wa biskuti, limezungushiwa kitambaa. Nilipofungua kifuniko, fundi alilitazama, akanitazama mimi, kisha akachungulia langoni nyuma yangu kama vile gari lenyewe bado liko njiani.

"Ndiyo hii, dadangu?"

"Ndiyo hii."

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 26 Juni 2021, wiki ambayo Safari Rally ilirudi kwenye mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Kenya nzima macho yalikuwa Naivasha. Mimi nilikuwa Mombasa, sina likizo wala nauli, nikaamua kusherehekea kwa njia yangu: kulimaliza gari lililokuwa limekaa kabatini vipande vipande. Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya 1971, dereva Edgar Herrmann, Hans Schüller akimsomea njia. Boksi la Hasegawa, kampuni ya Kijapani ya magari ya mfano ya kuunganisha, kipimo cha 1:24, yaani urefu wa gari la kweli umegawanywa kwa 24, ambalo binamu yangu alinibebea kutoka Dubai baada ya mimi kumsumbua mwaka mzima.

Watu wakisikia unajenga magari ya mfano hudhani kazi ni gundi. Gundi ni ya jioni mbili tatu. Kazi ni rangi. Gari la kweli lina rangi yenye unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, pamoja na praima na vanishi. Unene huo huo ukiuweka kwenye gari la 1:24, ni sawa na milimita mbili na nusu kwenye gari kubwa. Mistari ya milango inafukiwa na mwili wote unaonekana umemwagiwa uji. Halafu nyekundu ni rangi danganyifu: haifuniki. Ukiipuliza juu ya praima ya kijivu inageuka damu ya mzee, na kadiri unavyoongeza ndivyo inavyonenepa. Juu ya hayo yote, Juni ni kusi. Hewa ya pwani imejaa maji, na rangi ya kukauka haraka ikikutana na unyevu huo inashika ukungu mweupe. Nilikuwa nimejaribu kopo la dukani kwenye vijiko vya plastiki pale roshani kwangu. Vilitoka vimepauka kana kwamba vimekaa juani miaka.

Ndiyo maana nikaenda Changamwe, kwa fundi ambaye kila siku anapiga rangi matatu. Niliona kuwa mtu anayeishi kwa kushindana na unyevu wa Mombasa anajua jambo ambalo mimi sijui.

Kwanza bei. Akahesabu kwa kidole: boneti, milango miwili, madigadi nne, paa, mlango wa nyuma. "Sisi tunalipisha kwa paneli, na paneli ni paneli." Nikamwambia tugawanye kwa 24. Kisha nikakumbuka kuwa rangi inapakwa kwenye eneo, si kwenye urefu, kwa hiyo mgawanyo wa haki ni 24 mara 24, yaani 576. Kama kupiga gari zima ni shilingi 60,000, basi langu ni mia na nne. Vijana waliokuwa wakipiga msasa Nissan moja pembeni waliacha kazi wakasogea kusikiliza.

Fundi akafikiri kidogo. "Sawa, rangi tumegawanya. Na muda wangu je? Dakika nazo zinagawanyika kwa 576?"

Hapo sikuwa na jibu. Tukamalizana kwa mia tano na mahamri ya saa nne.

Alichofanya baadaye ndicho kilichonifunza zaidi ya video zote nilizowahi kutazama. Aliniomba kipande cha ile fremu ya plastiki ambayo vipande vya gari hukatwa kutoka kwake. Akakidondoshea thina, akasubiri, akakigusa kwa ukucha. Kilikuwa kimelainika, kinanata. Thina ya rangi ya magari hula plastiki ya aina hii, na mimi nililijua hilo, tena nililiogopa. Yeye hakuonekana kuogopa.

"Basi haitaki kuogeshwa," alisema. "Inataka kunusishwa."

Alingoja hadi jua lilipokausha hewa. Akalipachika gari juu ya chupa ya soda kwa tepu, akafunga hewa ya kompresa mpaka bunduki ikawa inapumua tu, akasimama mbali, na akaanza kupitisha mkono. Sikuona kitu kikitua. Akapitisha tena. Praima yake ilikuwa inafika karibu imeshakauka, haina thina ya kutosha kudhuru chochote. Mkono wake haukusimama juu ya gari hata mara moja: unaanza nje, unapita, unaishia nje. Kisha akachanganya nyeupe na tone la nyekundu, akapiga waridi mwili mzima. Vijana wakacheka, mmoja akauliza kama gari ni la harusi. Lakini juu ya ile waridi, nyekundu ilikaa kwa mikono michache tu, ikang'aa, na kila mstari wa mlango ukabaki unasomeka.

Wakati huo wote mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi la kiti cha nyuma cha matatu, simu mkononi, akifuatilia Naivasha. Zamani alikuwa fundi wa bodi. Sasa anakuja gereji kwa sababu nyumbani, alivyosema mwenyewe, hakuna kelele. Kila baada ya muda alitutangazia: Neuville na Hyundai yake bado anaongoza, wa Toyota wako nyuma. Alipoona nyekundu akanyanyuka.

"Hiyo ya Shekhar Mehta."

"Shikamoo, Mzee. Hii ni ya Herrmann, ya sabini na moja. Mehta alishinda na 240Z sabini na tatu."

"Marahaba. Sabini na tatu alilingana pointi na yule mzungu wa Datsun nyingine."

Alikuwa sahihi. Mehta na Harry Källström walimaliza na pointi za adhabu sawa kabisa, na ilibidi kanuni ya kutenganisha sare itumike. Nilifurahi kuliko inavyostahili. Ni nadra kumpata mtu wa kuzungumza naye mambo haya bila kulazimika kueleza kwanza 240Z ni nini. Mzee alisimulia jinsi walivyokuwa wakikesha kando ya barabara upande wa Voi, wikendi ya Pasaka, masika yameshaanza. Mbio ziliwekwa Pasaka, na Pasaka huangukia mvua. Hilo lilikuwa nusu ya shughuli. Unaisikia injini kabla ya kuona taa, akasema, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, sauti yake si ya gari jingine. Halafu inapita, na mnabaki mnatema mchanga.

Akauliza kwa nini boneti tunaiziba kwa tepu. Fundi akamjibu kabla yangu: inapigwa nyeusi isiyong'aa, jua lisimrudie dereva machoni. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza swali ambalo, ukweli, ndilo lililofanya siku ile ikawa ndefu.

"Hii itakuwa ya kuondoka au ya kurudi?"

Alitaka kujua kama ni gari safi la kwenye mstari wa kuanzia, au lile lililofika. Nikasema la kurudi, nitalipaka tope. Akasema tope halitoshi. Gari lililoshinda Safari halina madigadi nzima. Na kwa hilo pia alikuwa na hoja: gari lenyewe liko Japani, Nissan, wenye jina la Datsun, wamelihifadhi, na picha zake zinaonyesha mabonyeo ambayo hawakuyanyoosha. Mzee akataka kijiko cha chai kipashwe moto, apige bonyeo dogo kutoka ndani, upande wa mbele. "Nimenyoosha madigadi miaka arobaini. Kubonyeza moja kutanishinda?"

Fundi akaja juu. Rangi haijakauka hata saa mbili, halafu mtu anataka kuitia moto! Mzee akasema kazi ya rangi ni kufuata bodi, si bodi kufuata rangi. Fundi akasema bodi imefika gereji ikiwa nzima na itatoka nzima. Nadhani ulikuwa ugomvi wao wa miaka mingi, mimi nimewaletea tu gari dogo la kugombania. Nikakumbatia mkebe wangu wa biskuti na kumuunga mkono fundi, si kwa ajili ya historia bali kwa sababu ya ile nyekundu. Historia ilikuwa upande wa Mzee.

Tukapatana kwenye tope. Mzee ana shamba Voi, na baada ya siku kadhaa mjukuu wake aliniletea pakiti ya maziwa imejaa udongo mwekundu kabisa, ule ambao hata tembo wa Tsavo huuvaa. Nao una hesabu yake. Punje ya nusu milimita kwenye 1:24 ni jiwe la milimita 12, kokoto la kuvunja kioo. Nikautwanga kwenye kinu cha vitunguu saumu, nikauchuja kwa soksi ndefu ya nailoni hadi ukawa kama hewa, nikauchanganya na vanishi isiyong'aa. Nikaupaka nyuma ya magurudumu, chini ya milango, na kwenye kioo cha mbele, ambako nilikuwa nimekata tepu ya umbo la njia ya waipa. Tepu ilipotoka zikabaki nusu duara mbili safi, na ghafla ndani ya gari kukawa na watu wanaohitaji kuona mbele.

Naivasha yenyewe ilikuwa imekwisha kesho yake ya siku ile ya gereji, Jumapili, bila Neuville: asubuhi gari lake lilivunjika upande wa nyuma, Ogier akashinda, Katsuta akawa wa pili. Fundi alinipigia, lakini hakuwa na habari ya rally. Alikuwa amewatumia wateja wake picha ya Datsun, ameipiga kwa ukaribu hivi kwamba haikuonyesha ukubwa.

"Dada, ile waridi nilitia tone ngapi? Kuna mtu wa Probox hapa anataka nyekundu hiyo hiyo. Na boneti nyeusi."

Nikamwambia sikuhesabu. Akanijibu kuwa basi atamlipisha kwa paneli.