Mbwa wa kwanza kwa mtu anayesubiri simu ya uchungu

Niliacha uhasibu nikawa dula, yaani msindikizaji wa mama wakati wa uchungu na kujifungua, na mwaka huohuo nikachukua mbwa wangu wa kwanza. Walionishauri juu ya kazi hawakugusia mbwa, na walionishauri juu ya mbwa walinitumia picha. "Chukua mdogo, hana usumbufu." "Chukua kitoto, umlee mwenyewe akuzoee." Bado naudhika nikikumbuka. Hakuna aliyeniuliza swali moja la maana: ukiitwa saa 8 usiku, utarudi baada ya saa ngapi?

Hesabu yenyewe ni hii. Mama naanza kumsubiri tangu wiki ya 38 ya mimba, na wapo wanaofika ya 42. Ukiwa na akina mama wawili kwa mwezi, karibu kila usiku unalala na simu kichwani. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, uchungu uliokolea huhesabiwa njia ikishafunguka sentimita 5, na kwa mimba ya kwanza kwa kawaida hauzidi saa 12 kutoka hapo. Kusukuma kunaweza kufika saa 3. Mimi hubaki saa 2 nyingine, mpaka mtoto anyonye na mama atie kitu tumboni. Hizo ni saa 17, bila safari, na bila zile saa za mwanzo ambazo uchungu unakuja na kupotea.

Sasa geukia mbwa. Mbwa mzima mwenye afya hubana mkojo saa 6 hadi 8. Kitoto cha miezi 3 ukipata saa 4 umebahatika. Kwa hiyo usidanganywe: hakuna mbegu ya mbwa inayokaa peke yake saa 17. Tafuta mtu kwanza, mbwa baadaye. Nina jirani mwenye ufunguo anayeweza kufika ndani ya saa 6, na wa pili wa akiba, kama vile nilivyo na dula mwenzangu wa kushika nafasi yangu nikiugua. Nikiitwa natuma ujumbe mmoja kwa wote kabla sijavaa viatu. Ukisema utatuma ukifika, hutatuma.

Kuna waliosema kazi hii ni kushika mkono tu, kwamba naacha mshahara kwa ajili ya kutuliza watu. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya tafiti za afya, yalikusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000: waliokuwa na mtu wa kuwategemeza mfululizo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo. Dula hapimi njia, hasikilizi mapigo ya moyo ya mtoto, hatoi dawa. Hayo ni ya mkunga na daktari. Lakini kazi ya mikono ipo, tena nzito.

Chukua uchungu wa kiunoni. Mara nyingi mtoto amelala kisogo chake kikielekea mgongo wa mama, na kila uchungu unapopanda mama anahisi kama kiuno kinapasuliwa. Mpigishe magoti, ainamie kitanda au mpira. Tafuta ule mfupa bapa ulio juu kidogo ya mpasuko wa makalio, weka juu yake sehemu ya chini ya kiganja, pale karibu na kifundo cha mkono, nyoosha kiwiko, kisha egemea kwa uzito wa mwili. Anza uchungu unapoanza kupanda, usisubiri kilele, na usiachie mpaka ushuke. Wengi wanakosea mahali: wanabonyeza kiuno chenyewe, juu mno, na mama anaumia zaidi. Wengine wanatumia vidole gumba, na ndani ya saa moja mikono imekwisha. Wengine wanasugua ngozi kavu duara kwa duara hadi mama anawasukuma. Kumwuliza "juu zaidi? chini?" kufanyike uchungu ukishatulia, kwa maneno mawili matatu. Akiwa kileleni usimsemeshe. Kiganja kikichoka, hamia kwenye nyonga: mkono mmoja kila upande wa makalio, pale yalipo mapana zaidi, ukaminye kwa ndani na kupandisha juu kidogo.

Nimeeleza hayo kwa kirefu kwa sababu ndipo mbwa wangu wa majaribio aliposhindikana. Kabla ya kuamua nililea Border Collie kwa wiki tatu hivi, mzuri, macho yanasema. Nikatoka leba baada ya usiku mzima wa kubonyeza kiuno, vifundo vya mikono vimevimba, nikamfunga kamba tutoke. Akaona baiskeli. Mbwa yule alizalishwa kwa kukimbiza na kuzuia kondoo kutwa nzima, na kwake kila kinachokimbia ni kondoo aliyetoroka. Kamba ilinichomoka vidoleni, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kufunga ngumi. Nilimpata, hakuumia. Siku mbili za kulala kwangu baada ya leba kwake zilikuwa siku mbili bila kazi, akajitafutia: akachimba zulia pembeni ya mlango mpaka sakafuni. Sikuwa na haki ya kumlaumu. Anataka mtu wa kumpa saa 2 za mbio na kazi ya kichwa kila siku, na mtu huyo si mimi.

Baada ya hapo nilikata orodha haraka. Jack Russell ni mdogo kwa mwili, lakini alizalishwa kuingia mashimoni kumfukuza mbweha, na anabweka; wanaosema mdogo hana usumbufu hawajakaa naye. Labrador ana moyo mwema ila hupukutisha manyoya kila kona, akili ya utoto inakaa hata miaka miwili, na anameza chochote. Bulldog pua yake fupi inamnyima pumzi, joto likizidi ni hatari. Cavalier King Charles Spaniel nilimpenda sana, lakini alizalishwa ili akae na watu, upweke unamsumbua, na ugonjwa wa vali za moyo ni wa kawaida mno kwao. Poodle hapukutishi manyoya mengi, ila anataka kunyolewa kila wiki 4 hadi 6. Kama ratiba yako imetulia, mchukue.

Nilichukua Greyhound wa miaka 4 aliyestaafu mbio. Watu wanashangaa, wanadhani mbwa wa mbio anataka mbio. La. Hutimua vumbi kwa dakika chache kisha hulala sehemu kubwa ya siku. Matembezi mawili ya nusu saa yanamtosha, wengi wao hawavuti kamba, manyoya mafupi, habweki ovyo. Ni mtu mzima, kwa hiyo sikupitia msululu wa chanjo za utotoni unaokwenda mpaka wiki ya 16. Ana masharti yake. Kichwa chake chembamba kuliko shingo, mkanda wa kawaida wa shingoni unachomoka, kwa hiyo mnunulie ule mpana unaojikaza akivuta. Akiona paka au sungura hasikii jina lake, basi usimfungue kamba mahali pasipo na uzio. Meno yao huoza upesi, piga mswaki. Na kwa kuwa amekulia katikati ya mbwa wengine, kukaa peke yake lazima afundishwe.

Hapo ndipo penye ufundi ninaojivunia. Ndani ya mwezi mmoja alishajua kwamba mlio ule wa simu usiku, mfuko mweusi, na funguo vikifuatana, mimi ninaondoka. Simu ikilia tu, analia. Nikavunja ule mnyororo kiungo kimoja kimoja. Nilicheza mlio uleule kwa sauti ndogo mara 10 kwa siku, kila mara namtupia kipande cha nyama na sinyanyuki. Siku ya tano nikapandisha sauti. Kisha nikawa nabeba mfuko, nautembeza sebuleni, nakaa nasoma. Kisha funguo. Kisha natoka mlangoni sekunde 5, narudi; sekunde 30; dakika 2. Akianza kuhema au kudondosha mate, umekwenda haraka, rudi nyuma hatua moja. Kosa kubwa ni kuruka kutoka dakika 5 hadi saa nzima. Mimi ilinichukua wiki sita, na kipindi chote hicho sikupokea mama mpya. Mapato yalishuka, nilikula akiba, lakini ilibidi.

Jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha ni mfuko wenyewe wa kazi. Zabibu kavu, chokoleti, vidonge vya ibuprofen kwa ajili ya mgongo wangu, mafuta ya mti wa chai, na jojo zisizo na sukari zenye zailitoli (xylitol, kitamu kinachotumika badala ya sukari): vyote ni sumu kwa mbwa. Zailitoli humwangusha sukari ya damu haraka na inaweza kuharibu ini, hata kwa vijiti vichache vya jojo. Mfuko wangu unaning'inia kwenye msumari juu ya kimo chake akisimama kwa miguu miwili.

Nguo za leba nimezifungia kwenye boksi lenye mfuniko, nazivaa mlangoni, kwa sababu mjamzito ananusa kila kitu na wengine wana mzio. Dawa ya minyoo ya mbwa anapata kwa ratiba ya daktari wa mifugo, maana nashika vichanga vya siku moja. Na mlangoni nimebandika karatasi ya jirani: kipimo cha chakula kwa gramu, namba ya daktari, kamba ipi, mkanda upi, na kwa herufi kubwa, ASIFUNGULIWE KAMBA NJE.