Paramota kwenye nyanda za juu: bawa kwanza, injini baadaye

Mtu akiona paramota, yaani bawa la kitambaa kama parachuti pamoja na injini ya pangaboi inayobebwa mgongoni, macho yake yanaenda moja kwa moja kwenye injini. Mimi sikuruhusiwa kuigusa mpaka bawa liliponitii, na kama ningemfundisha mtu leo ningefuata mpangilio uleule. Injini kazi yake ni kusukuma tu. Ikizimika angani bado una bawa, na utateleza mbele takriban mara sita au saba ya kimo ulichonacho. Bawa likikunjika karibu na ardhi, injini haina msaada wowote.

Kwa hiyo mazoezi ya mwanzo ni uwanjani, umevaa hanesi (mikanda ya kukufunga kwenye bawa) bila mota, yaani bila injini na fremu yake, umelielekea bawa, upepo wa kilomita 10 hadi 15 kwa saa usioyumba. Unavuta mikanda ya A, ile inayoshika kamba za mbele za bawa, bawa linapanda, na kabla halijakupita juu ya kichwa unaligusa breki kidogo, yaani kamba za mikononi zinazovuta ukingo wa nyuma wa bawa. Likiinama kulia, ingia chini yake kwa miguu, yaani hatua za kulia, kisha vuta breki ya kushoto kidogo. Wengi hukimbilia breki huku miguu imesimama, ndiyo maana bawa linaanguka. Usiende mbele mpaka uweze kutembea nalo likiwa juu kwa dakika kadhaa, ukilitazama mara mojamoja tu. Walio Pwani wana bahati, kwani upepo wa baharini unakuja laini. Tatizo lao ni mchanga unaoingia ndani ya vyumba vya bawa na kula kitambaa, hivyo ukung'utwe kila siku.

Bawa la mwanafunzi liwe la daraja la EN A, yaani daraja la Ulaya la mabawa tulivu zaidi, na ukubwa wake unapimwa kwa uzito wote unaoruka, si wa mwili peke yake. Mtu wa kilo 75, mota kilo 26, bawa 6, petroli lita 10 ambazo ni kama kilo 7, pamoja na kofia, viatu na parachuti ya akiba, anakaribia kilo 118. Ukinunua bawa la mtumba, kitambaa chake kipimwe kinavyopitisha hewa na kamba zipimwe urefu. Rangi kung'aa si kipimo.

Kabla ya kuruka, uning'inie na mota yote kwenye boriti imara. Hapa ndipo mambo mengi hurekebishwa bila gharama: mota ilale nyuma kidogo tu, mikono ifikie breki bila kunyooka, na uweze kuingia kwenye kiti kwa kuinua magoti, bila kuachia breki. Breki ukiiachia wakati injini inanguruma, upepo wa pangaboi unaivuta nyuma, na kamba ikishanaswa humo hakuna tena cha kurekebisha.

Mafuta ni petroli iliyochanganywa na oili ya injini ya mipigo miwili, mara nyingi asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5, ila fuata kitabu cha injini yako. Ukisoma habari za ajali za paramota utaona mkono ndio unaoumia zaidi, na mara nyingi ni wakati wa kuwasha. Mota inayosukuma kwa nguvu ya kilo 75 ikiwaka resi ikiwa imekwama, mtu aliyeishika kwa mkono mmoja hawezi kuizuia. Mimi kila mara hubonyeza resi na kuachia huku nikitazama mkono wa kabureta urudi mpaka mwisho, kisha najaribu swichi ya kuzima. Waya wa resi unaweza kubanwa na mkanda wa bega ukivaa, kwa hiyo naangalia tena nikishavaa. Hakuna mtu kusimama kwenye mstari wa pangaboi, hata rafiki anayekuja kupiga picha.

Sasa kimo cha mahali, jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia haraka kwa sababu wengi wao wanarukia mahali pa chini. Eldoret ipo takriban mita 2,100 juu ya bahari, na huko hewa ina kama asilimia 80 tu ya uzito wake wa pwani, hata chini zaidi jua likiwa kali. Injini nayo inapoteza karibu asilimia 20 ya nguvu yake. Bawa nalo linataka mwendo zaidi: lililoinuka kwa kilomita 25 kwa saa kule pwani litataka karibu 28, na hizo tatu ni za miguu yako. Chagua uwanja mrefu, weka alama katikati, na ukifika hapo bado unakanyaga chini, zima. Halafu kuna kabureta. Kwenye hewa nyepesi mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi, hivyo fundi hukaza skrubu kidogo. Ukishuka na mota hiyo hiyo Malindi au Tanga bila kuirudisha, mafuta yanapungua, pistoni inachemka na kukwama.

Wakati wa kuruka, bawa likishatulia juu, ongeza resi polepole na ukimbie kifua kikiwa wima. Anayeinama mbele anaelekeza msukumo chini na kujikandamiza mwenyewe. Anayekaa mapema anatua kwa makalio na kuvunja pangaboi. Endelea kukimbia hata miguu ikiwa haigusi, ukae ukishavuka kimo cha miti. Pangaboi likizunguka upande mmoja, mwili unageuzwa upande wa pili, na mwanafunzi anavuta breki kwa nguvu ili kunyoosha njia. Mwendo mdogo, resi kamili, breki nzito upande mmoja: hapo ndipo bawa linapoacha kuruka. Dawa ni kupunguza resi kwanza.

Mwanafunzi aruke kati ya saa 12:30 na saa 2:30 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Katikati ya mchana ardhi inarusha hewa ya moto juu, na Bonde la Kerio, wanakoruka wenye parachuti bila injini, linasifika kwa hewa hiyo hiyo. Wao wanaitafuta, sisi tunaikwepa. Kaa mbali na nyuma ya miti na majengo: angalau mara saba ya kimo chake.

Juu ya maji sikubali kuruka bila uwezo wa kuteleza hadi nchi kavu, kwani mota humgeuza mtu kifudifudi. Boya linalojijaza lenyewe lifungwe kwenye fremu ya mota. Parachuti ya akiba ikihitajika, zima injini kwanza ndipo urushe. Ikunjwe upya kila mwaka.

Tua injini imezimwa, ukielekea upepo, breki kamili ikija kama mita moja kutoka chini. Baada ya kila ruko nakagua ncha za pangaboi, raba za kushikilia injini na springi za silensa, maana springi ikikatika inaruka moja kwa moja kwenye pangaboi. Na kibali cha anga, kutoka mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA kwa Kenya au TCAA kwa Tanzania, kishughulikiwe kabla ya kununua mota.