Nilivyoprinti risechi nakala nne, safari ya pili

Aliyeniambia "weka Word kwenye flashi, peleka steshenari ya chuo, watamaliza wenyewe" bado namdai. Nyumbani Chuno, hapa Mtwara, ripoti yangu ilikuwa kurasa 96. Kwenye kompyuta ya pale ikafunguka na kurasa 103.

"Kaka, ndiyo yenyewe hii?" dada wa mashine akaniuliza. Nikamwambia printi tu. Yaliyomo yanasema Sura ya Tatu iko ukurasa wa 31, yenyewe imeanzia 34. Jedwali limekatika, kichwa chake kimebaki peke yake chini ya ukurasa kama abiria aliyeachwa na basi la Masasi. Nikalipa, kosa si lake.

Kompyuta ile haikuwa na fonti yangu, ikaweka nyingine iliyo pana zaidi. Juu ya hapo, faili lilikuwa limepangwa kwa karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279, na sisi huku tunatumia A4, 210 kwa 297. Kwa hiyo: badili kuwa A4 kwanza, acha inchi moja na nusu kushoto kwa ajili ya kubaindi, sasisha yaliyomo, ndipo utoe PDF. PDF inabeba fonti zake. Ukifika, mwambie aprinti kwa asilimia 100; akibonyeza Fit maandishi yanasinyaa. Na jitumie kwenye barua pepe pia, flashi za mtaani zinajulikana kwa virusi.

Sasa rangi, hapa ndipo nilipojiona fundi. Nyeusi ni kama mia, rangi kama mia tano. Mara ya kwanza nilihesabiwa kurasa 15 za rangi, wakati ramani na grafu zangu ziko kwenye kurasa 7 tu. Nane zilizobaki? Marejeo na yaliyomo, vile viungo vya intaneti vya bluu. Mstari mmoja wa bluu unatosha ukurasa mzima uhesabiwe rangi. Nikavipaka vyote nyeusi.

Kisha nikamwandikia dada kikaratasi. Rangi: 35, 52-55, 60, 71. Nyeusi: 1-34, 36-51, 56-59, 61-70, 72-96. Angalieni, hizo ni namba za PDF, si zile zilizoandikwa chini ya ukurasa. Kurasa zangu za mwanzo za kirumi ni 12, kwa hiyo ramani ya Tandahimba iliyo ukurasa wa 23 ni ya 35 kwenye faili. Ukimtajia 23 atakupa ukurasa ulioandikwa 11 kwa rangi, na ramani ibaki nyeusi. Za rangi nikazichomeka mwenyewe kwa mkono. Mchezo huu unawezekana ukiprinti upande mmoja tu. Ukiprinti mbele na nyuma, ukurasa wa rangi unaondoka na mgongo wake.

Jumla karatasi 384, rimu moja ya 500 inatosha na chenji. Niliomba afungue rimu mpya, gramu 80. Mvua zetu za Desemba hadi Aprili, karatasi iliyolala wazi inanyonya unyevu, inashikana, ikipita kwenye joto la mashine inajikunja na kukwama. Kabla ya kuiweka, pepea kingo zake kama unapiga karata.

Bei ya kubaindi gamba gumu ni kuelewana. Ila msikubali kubaindi kabla ya kupekua kila nakala, kidole kwa kidole. Mashine ilikwama mara moja kwenye nakala ya tatu, na baada ya kuvuta karatasi 58 ikatoka mara mbili, 59 haipo. Nikamrudia dada na mia yake mkononi, akaniprintia huku akicheka: "Leo umekuja na akili, kaka."