Tumeishia Kaole

Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa nafua. Mara shemeji anapiga simu: "Jiandaeni, tunatoka." Tunaenda wapi? Hata yeye hajui. Saa nne na nusu tuko stendi ya Makumbusho, watu saba na chupa moja ya chai, tumepanda gari la kwanza lenye nafasi. Bagamoyo!

Ni kilomita kama 70 tu kutoka Dar, na mimi miaka yote napita barabara ile kwenda misibani na harusini (zaidi misibani) bila kukata kona kwenda kwenye magofu ya Kaole. Kuna msikiti wa karne ya 13, makaburi ya mawe ya matumbawe, na mbuyu ambao wenyeji wanasema ukiuzunguka unaongeza umri. Mama, na magoti yake yale, kauzunguka mara tatu. Tulipomwambia apumzike akajibu, "Nyie mna haraka ya kurithi nini?"

Mvua ikatukuta kwenye bajaji tukirudi mjini. Pweza tumemlia chini ya turubai, tumelowa chapachapa. Nguo zangu ziko kwenye beseni mpaka sasa.