Mwelekeo na mwendo

Jumapili, usiku

Wiki hii tumemaliza sura ya themodinamiki, elimu ya nishati na mwelekeo wa mabadiliko, na kuingia sura ya kasi ya mimenyuko, na tangu hapo akili yangu iko kwenye almasi. Kuna namba moja ndogo katika jedwali la mwishoni mwa kitabu: katika halijoto ya 25°C na kanieneo ya kawaida, moli moja ya almasi (moli ni kipimo cha wanakemia cha wingi wa chembe) ikigeuka grafiti, nishati huru, ile ambayo ikishuka badiliko linaweza kwenda lenyewe, hushuka kwa kilojuli 2.9. Hushuka, haipandi. Kwa hukumu ya themodinamiki, basi, kila almasi iliyoko juu ya uso wa dunia ina kila sababu ya kuwa grafiti, kaboni ile ile nyeusi iliyomo kwenye penseli. Na almasi zipo. Zimekaa karibu na uso wa dunia mamilioni ya miaka, wala hazina dalili ya kugeuka.

Naandika haya ili niyashike vizuri. Naamini kwenye almasi ndipo sura hizi mbili zinapokutana, na inaniuma kuona tunazisoma kama masomo mawili tofauti, kila moja na fomula zake na karatasi yake ya mazoezi.

Kinachonivuta kwenye themodinamiki ni uchache wa mambo inayoyauliza. Inataka kujua ulipoanzia na ulipoishia, basi. Entalpi (hesabu ya joto), entropi (nitaifikia hapa chini) na nishati huru hutegemea hali ambayo kitu kimo, si njia kilikopitia. Germain Hess alilionyesha hilo kwa joto la mimenyuko mwaka 1840, na ndilo linalotuwezesha kupima hata jambo lisilotokea mbele ya macho yetu. Hakuna haja ya kukaa na kipimajoto ukisubiri almasi igeuke. Unaichoma kwenye oksijeni, unapata kilojuli 395.4 kwa moli ya kaboni. Unachoma grafiti, unapata 393.5. Zote mbili zimeishia kwenye kaboni dayoksaidi ile ile, kwa hiyo tofauti yake, kilojuli 1.9, ndiyo joto ambalo almasi ingetoa kama ingegeuka grafiti. Niliposoma hapo niliweka kalamu chini kwanza. Kujua kwa uhakika joto la tukio ambalo hakuna aliyelisubiri likatokea, kwangu hilo ni jambo kubwa.

Entropi inahitaji utulivu zaidi. Naielewa vizuri nikiichukua kama hesabu: molekuli hizi zinaweza kujipanga, na kugawana nishati iliyopo, kwa njia ngapi? Ludwig Boltzmann ndiye aliyeunganisha entropi na idadi ya njia hizo, na mlinganyo wake umechongwa kwenye kaburi lake mjini Vienna. Jedwali linasema moli ya maji ya kimiminika ina entropi ya juli 69.9 kwa kelvini, na moli ya mvuke ina 188.8. Tofauti ni 118.9. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunadai kilojuli 44.0. Ili kupata halijoto ambayo joto na entropi vinalingana nguvu, gawanya juli 44,000 kwa 118.9, unapata kelvini 370, yaani kama 97°C. Namba hizo zote zilipimwa kwa ajili ya 25°C, hakuna aliyezichemshia sufuria, na bado zinakufikisha karibu kabisa na mahali maji yanapochemkia. Joto linavuta upande mmoja, entropi inavuta upande wa pili, na halijoto ndiyo inayoamua nani ana nguvu. Ni kwa nguvu hiyo ya entropi chumvi iitwayo amoniamu naitreti huyeyuka ndani ya maji huku ikiyapoza: inafyonza joto, na bado inakwenda.

Lakini tafuta muda kwenye milinganyo ya sura ile yote. Haumo. Ile T iliyomo ni ya halijoto. Themodinamiki inakuonyesha mwelekeo, halafu inanyamaza kabisa kuhusu lini.

Mwenzangu tunayesoma naye aliuliza swali lililotukalisha mezani muda mrefu: “Sasa kama nishati huru inashuka, mbona haitokei?” Hakuwa na almasi akilini, alikuwa na haidrojeni na oksijeni. Moli moja ya maji ikiundwa kutokana na gesi hizo, nishati huru inashuka kwa kilojuli 237, namba kubwa mno ukiilinganisha na ile ya almasi. Ungetarajia zikikutana tu ziwe maji. Lakini zichanganye kwenye chupa safi katika halijoto ya kawaida, zitakaa miaka bila kuguswa na lolote. Peleka cheche, zinalipuka. Peleka platini iliyosagwa laini, zinaanza kuungana bila moto wowote. Johann Döbereiner aliona mwaka 1823 kwamba haidrojeni ikipulizwa juu ya platini hewani, platini inapata moto hadi kung'aa. Mwanzo ni ule ule, mwisho ni ule ule. Kilichobadilika ni njia.

Hapo nikawaza kuhusu sisi wenyewe. Sukari, mafuta, nyuzi za mbao, nyama ya mkono ulioshika kalamu hii: vyote vimezungukwa na hewa ambayo karibu sehemu yake ya tano ni oksijeni, na kuungua kwa kila kimoja ni mteremko wa nishati huru. Moli moja tu ya glukosi ikiungua hutoa joto la kilojuli 2,800 hivi. Hatuungui kwa sababu kati yetu na mteremko huo kuna kilima, yaani nishati ambayo molekuli lazima ziwe nayo kwanza ili mmenyuko uanze, na katika halijoto ya mwili molekuli zinazoweza kukivuka zenyewe ni chache mno. Mwili nao una vimeng'enya, vinavyopunguza kilima hicho pale tu panapohitajika, hatua kwa hatua. Sijui kama kuna somo jingine lililonifanya niutazame mkono wangu namna hii.

Sasa kasi. Huku mambo ni kinyume: njia ndiyo kila kitu, na mlinganyo uliosawazishwa hauwezi kukwambia njia ni ipi. Maabara tulifanya mmenyuko wa persalfeti na iodaidi, ule ambao kimiminika kinakaa hakina rangi, kisha ghafla, mara moja, kinakuwa buluu iliyokoza. Iodini inayozaliwa humezwa na thiosalfeti kidogo iliyowekwa makusudi; thiosalfeti ikiisha tu, iodini inakutana na wanga na rangi inatokea. Unachopima ni muda wa kusubiri. Mlinganyo unasema iodaidi mbili zinahitajika kwa kila persalfeti moja. Ungedhani basi ukiongeza iodaidi mara mbili, kasi itapanda mara nne. Inapanda mara mbili tu. Yaani katika ile hatua inayochelewesha kila kitu, iodaidi inayohusika ni moja, na ya pili inaingia baadaye, mbio zikiwa zimekwisha amuliwa. Saa ya mkononi na chupa chache za kioo zimetuambia jambo kuhusu molekuli ambazo hakuna aliyeziona zikigongana. Hili nalipenda kuliko yote tuliyofanya muhula huu.

Halafu kuna halijoto. Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba ukipasha moto molekuli zinakwenda mbio na kugongana mara nyingi zaidi. Ni kweli, lakini ni sehemu ndogo mno ya ukweli, na natamani ingesemwa wazi kwa kila anayeanza. Pandisha kutoka 25°C hadi 35°C. Ukihesabu kwa kelvini, umetoka 298 kwenda 308, na kwa molekuli za gesi mwendo wa wastani huongezeka kwa chini ya asilimia 2. Kasi ya mmenyuko kama ule wetu wa maabara, wenye kilima cha kilojuli 50 hivi kwa moli, inakaribia kuwa maradufu. Hiyo nyongeza nyingine imetoka wapi?

Jibu limo kwenye mlinganyo alioutumia Svante Arrhenius mwaka 1889. Sehemu ya molekuli zenye nishati ya kutosha kuvuka kilima ni e, ile namba ya hisabati, iliyopandishwa kwa nishati ya kilima hicho ikigawanywa kwa RT (R ni namba isiyobadilika ya gesi, T ni halijoto kwa kelvini), na alama ya kutoa mbele yake. Weka juli 50,000, weka R ya 8.314, weka 298: zinatoka kama mbili katika kila bilioni. Weka 308: zinakuwa zaidi ya tatu katika bilioni. Nimezirudia hesabu hizi leo kwa furaha tupu, bila zoezi lolote kunidai. Karibu migongano yote ni bure. Mmenyuko mzima unaouona kwenye chupa unabebwa na hao wachache walio pembeni kabisa ya mgawanyo wa nishati, na joto kidogo, ambalo halimgusi sana yule wa wastani, linawaongeza hao wa pembeni karibu maradufu. Nikiangalia kitu chochote kikioza, kikishika kutu au kikiiva, nawafikiria hao.

Nafasi ambayo sura hizi mbili zinabishana waziwazi ni amonia. Naitrojeni moja na haidrojeni tatu zinatoa amonia mbili, joto linatoka, entropi inapungua. Kwenye 25°C kila kitu kwenye karatasi kinapendeza: kigezo cha msawazo, namba ambayo ikiwa kubwa mmenyuko unatulia ukiwa na amonia nyingi, ni cha laki kadhaa. Lakini hakuna kinachotokea, kwa sababu atomi mbili za naitrojeni zimeshikana kwa kifungo cha mara tatu, na kukivunja kunahitaji kilojuli 945 kwa moli. Pasha moto ili kasi iwepo, na themodinamiki inakugeuka: kuanzia karibu 190°C badiliko la nishati huru ya kawaida linakuwa chanya, yaani haishuki tena bali inapanda, na ukifika 450°C kigezo kile kimeshuka chini ya moja ya elfu. Unachopewa na mkono mmoja unanyang'anywa na mwingine.

Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 kwamba inawezekana kupita katikati: kanieneo kubwa sana ya kusukuma msawazo kuelekea amonia, ambayo ina molekuli chache zaidi, na kichocheo cha kuwezesha kasi bila kwenda kwenye joto la kuharibu kila kitu. Yeye alitumia osmiamu, metali adimu mno. Alwin Mittasch na wenzake wakafanya maelfu ya majaribio hadi wakafika kwenye chuma kilichochanganywa na vitu vichache vingine, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza kazi. Kichocheo hakikubadilisha msawazo hata kidogo. Kinapunguza kilima kwa anayepanda kutoka upande huu na anayerudi kutoka upande ule kwa kiasi kile kile, kwa hiyo uwiano wa kasi hizo mbili, ambao ndio kigezo cha msawazo, unabaki ulivyokuwa. Mstari huu mmoja uko kwenye kitabu, umewekwa ndani ya kisanduku kidogo pembeni. Ningekuwa mwandishi wake ningeuanzisha sura nao.

Na chuma kile kilifanya kazi miongo mingi kabla ya kueleweka vizuri kinafanya nini hasa. Ni Gerhard Ertl, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2007, aliyefuatilia kwa makini yanayotokea juu ya uso wake: naitrojeni inatua, inapasuliwa kuwa atomi mbili zilizoshikwa na chuma, na hatua hiyo ya kupasuliwa ndiyo inayochelewesha msafara wote. Haidrojeni zinaongezwa baadaye, moja moja, bila taabu kubwa. Kesho baada ya kipindi nitakwenda maktaba kutafuta maelezo ya jinsi alivyopima, kwa sababu bado sielewi unawezaje kuhesabu atomi zilizolala juu ya chuma.