Ngiri ya mwanangu na chai ya alfajiri

Uvimbe niliuona mimi. Ilikuwa jioni ya mwezi wa sita, baridi ya kwetu Isyonje, mkoani Mbeya, ile ya kuuma vidole, namwogesha kijana wangu kwenye beseni karibu na moto. Sabuni ikamwingia machoni, akalia, na alipolia kikachomoza kitu kinenani upande wa kulia, kama kiazi kidogo chini ya ngozi. Aliponyamaza kikarudi ndani. Alipolia tena kikatoka tena.

Majirani walisema ni mshipa, umekuja kwa sababu mtoto analia sana. Mmoja akashauri tumchanje chale, mwingine tumfunge mkanda wa kitambaa mpaka akue. Tukafunga mkanda, na mwezi mzima ukapotea hivyo. Kama nawe umemfunga mwanao mkanda, tafadhali mpeleke hospitali.

Daktari mjini Mbeya alinichorea picha nyuma ya karatasi. Mtoto wa kiume akiwa bado tumboni mwa mama yake, korodani zake hushuka kutoka ndani ya tumbo lake kupitia kijia kinenani, kisha kijia hicho hutakiwa kujifunga. Cha mwanangu kilibaki wazi, na kila akilia au akijikamua utumbo unateremka humo. Kumbe kilio hakileti ngiri, kinaionyesha tu. Na ngiri ya kinena kwa mtoto haiponi yenyewe, ni ya kupasuliwa. Nikamuuliza, tukisubiri? Akasema siku utumbo ukinasa uvimbe utakuwa mgumu na hautarudi, mtoto atalia mfululizo na kutapika, na hapo hakuna kungoja kukuche, maana utumbo ulionasa hukosa damu na kuanza kuoza. Nikaiwaza barabara ya kutoka kwetu kushuka Uyole, usiku, na ukungu wake. Nikakubali palepale.

Mke wangu alikuwa na kichanga cha wiki tatu, hivyo tulikwenda mimi na mama yangu. Sera inasema watoto chini ya miaka 5 hutibiwa bure kwenye vituo vya serikali, ila nauli, chakula na pampasi huwezi kuvikwepa, nikauza lumbesa nne za viazi kabla bei haijapanda. Wodini wanaume hawalali. Mama akalala na mjukuu wake, mimi nikalala kwa ndugu yangu, mtaa wa Mwanjelwa.

Maelekezo yalikuwa asile kitu kuanzia saa 6 usiku. Nilipofika asubuhi saa 12 na nusu nikamkuta katulia mno. Pembeni ya mdomo alikuwa na alama ya chai ya maziwa, imeshakauka.

"Mama, amekula?"

Mama akatazama chini. "Mume wangu kalia njaa tangu saa 9. Ningemwachaje? Hajala, nimempa chai tu."

Hasira ilinipanda hadi kooni. Lakini mama yangu hakukosea kwa uzembe. Aliambiwa mtoto asile, na kwetu chai si kula. Sababu hakuielewa, na mimi niliyeelezwa sikukaa naye nikamweleza. Nilipogeuka kwenda kwa nesi akanishika mkono: "Usiseme, baba, watatufukuza."

Nilisema. Na hapa sitafuni maneno: ukifika mahali hapo, sema, hata kama umetoka mbali na fedha inaisha. Daktari wa usingizi hakufoka. Alimweleza mama mwenyewe, taratibu, kwamba mtu akipewa nusu kaputi koo nalo hulala, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Chai ya maziwa inahesabiwa chakula, inataka yapite masaa 6 kamili kabla ya usingizi. Mama akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe ningemuua," kisha akajifunika uso kwa kitenge. Orodha ya siku ile ilikuwa imejaa, tukasogezwa hadi Alhamisi.

Usiku wa Jumatano tulijipanga. Saa 5 mama akamwamsha, akamlisha uji mzito wa ulezi na ndizi mpaka akasukuma kikombe mwenyewe. Nesi aliruhusu maji matupu hadi saa 11 alfajiri, akanywa. Kulipokucha, vikombe vya wagonjwa wengine vilipoanza kugongana, mama akamtia mbelekoni akatoka naye nje ya wodi, wakazunguka humo kwenye baridi, mbali na harufu ya chai. Nilikuwa nimeomba watoto wadogo waanze, na saa 2 tukaitwa.

Njiani kuelekea chumba cha upasuaji aliomba chai kwa kila tuliyepishana naye. Mlangoni nikamkabidhi. Sauti ya mwisho niliyoisikia mlango ukifungwa ilikuwa hiyo hiyo, "chai", anamwambia daktari wa usingizi.

Haikufika saa nzima. Akarudi na kibandiko kidogo kinenani, analia kwa sauti iliyokauka, hatambui vizuri sisi ni nani. Hilo lilinitisha kuliko yote, nesi akasema ni dawa ya usingizi inaisha. Baadaye akapewa maji, yakakaa. Mama alikuwa ameshika kikombe cha chai, hampi. Akamwendea nesi akiwa amekishika vilevile: "Mwanangu, sasa naruhusiwa?" Akaruhusiwa.

Nyumbani ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Dawa ya maji ya maumivu kwa siku tatu, kidonda kisiloe, na nyuzi zilikuwa za kuyeyuka zenyewe. Kazi ilikuwa kumzuia asirukeruke, maana siku ya nne alishafukuza kuku.

Wiki ya tatu akaanguka kwenye tuta la viazi, akalia kwa nguvu zake zote. Mimi na mama yake tulimkimbilia, na kabla ya kumbembeleza tukamshusha suruali. Pale kinenani palikuwa tambarare. Bibi yake akaja nyuma yetu, akainama akatazama na yeye, kisha akamtwaa.