Nukta mbele ya Cells

Makro ya Excel ya stoo ya dagaa, yaani amri zinazojiendesha ukibonyeza kitufe, imegoma tena leo. Kosa 1004. Mama mwenye stoo, hapa Mwaloni Kirumba, ameshalizoea: "Ile elfu moja na nne imerudi?"

Kinachochosha ni kwamba haigomi kila siku. Ukibonyeza kitufe ukiwa kwenye shiti ya Mauzo, inapita. Ukiwa umeacha Madeni wazi, inakataa. Ndiyo maana kila mtu pale alikuwa na maelezo yake: umeme wa kukatika, kompyuta imezeeka, virusi. Leo nimekaa na msimbo wenyewe, ulioandikwa na kijana aliyenitangulia:

Worksheets("Mauzo").Range(Cells(2, 1), Cells(mwisho, 4))

Ukiupitia haraka unaona Mauzo yametajwa, basi yameisha. Kumbe yametajwa kwa Range, yaani eneo, peke yake. Zile Cells mbili za ndani, seli za pembe za eneo hilo, hazina mwenyewe, na msimbo ukikaa kwenye moduli ya kawaida, isiyo ya shiti yoyote, Excel huzihesabu kuwa za shiti iliyo wazi wakati huo. Yaani unaomba eneo la Mauzo ambalo pembe zake ziko Madeni. Eneo la hivyo halipo. Nimeandika hivi, kila nukta ikimaanisha "ya Mauzo":

With Worksheets("Mauzo")
Set eneo = .Range(.Cells(2, 1), .Cells(mwisho, 4))
End With

Wengine huweka Activate juu, amri ya kuifungua kwanza shiti inayotakiwa, na kuendelea na maisha. Inafanya kazi, ila siipendi. Siku mtu akichomeka mstari unaohamia shiti nyingine, mnarudi palepale.

Hilo la 1004 halikunitisha, maana linapiga kelele. Kilichonitisha nimekikuta kwenye makro ya pili, ya kujumlisha jioni:

mwisho = Cells(Rows.Count, 1).End(xlUp).Row

Huu haulalamiki hata kidogo. Unaanzia chini kabisa, mstari wa 1,048,576, unapanda mpaka ukute seli yenye kitu. Madeni yakiwa wazi, nayo yana majina machache, unarudi na namba ndogo, halafu Mauzo yanajumlishwa kutoka D2 hadi hapo tu. Magunia yaliyoandikwa chini ya hapo hayaingii, na hakuna ujumbe wowote. Hapa nimeweka nukta hadi kwenye Rows, kwa sababu faili la zamani la .xls lina mistari 65,536 tu, na mama anayo kadhaa ambayo hufunguliwa sambamba.

Nikamuuliza, "Mama, jumla za jioni huwa zinakubaliana na daftari?"

"Kuna siku zinapungua, mwanangu. Nikajua tu makuli wananipiga."

Nimemwonyesha pale pale. Nimefungua Madeni, nikaendesha makro ya zamani. Nikafungua Mauzo, nikaiendesha tena. Siku ileile, jumla mbili. Ameniambia nirudie, nikarudia, akavaa miwani akaniambia nirudie tena.

Mistari ya mauzo yenyewe ipo yote, hakuna kilichofutika, kwa hiyo jumla za nyuma zinapigwa upya bila shida. Ametaka orodha ya siku zote zilizopungua, kwa tarehe, iwe mezani kabla hajawaita makuli. Na kuli aliyekatwa posho mwezi uliopita, mama anataka jina lake liwe juu.